Hali si Sharti: Uhakiki wa Istilahi za Soko la Mitambo Iliyotumika

Miongoni mwa kazi zinazowafikia wafasiri wetu siku hizi ni ile ya kutafuta maneno ya Kiswahili kwa ajili ya masoko ya mtandaoni, yaani mahali pa biashara pasipo kibanda wala uzio, ambapo muuzaji na mnunuzi hukutana kwa njia ya kompyuta au simu. Hivi karibuni tumepata kuisoma rasimu ya istilahi zilizokusudiwa kwa soko moja la namna hiyo. Soko lenyewe si la nguo wala la vyakula. Ni la karakana, hospitali, matanuri ya mikate, viwanda vya uchapaji na makampuni ya ujenzi yanayotaka kuuziana mitambo na zana zilizokwisha kutumika. Hatutawataja waliotunga rasimu, kwa sababu makosa tutakayoyaeleza yameenea kote. Yangeweza kutoka katika ofisi yoyote ambamo mfasiri amepewa orodha ya maneno ya Kiingereza upande wa kushoto, akaambiwa aujaze upande wa kulia kabla ya Ijumaa.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini jambo hili linastahili kurasa za jarida la istilahi. Mtu anayekwenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, kununua mashine ya kulehemu au mota ya umeme, hahitaji maneno mengi. Huizungusha kwa mkono, huisikiliza, huinusa ajue kama nyaya zake zimepata kuungua, na kama hana ujuzi huja na fundi wake. Neno la muuzaji ni nyongeza tu juu ya ushahidi wa mikono na masikio. Katika soko la mtandaoni ushahidi huo haupo. Mnunuzi aliyeko Mwanza huiona mashine iliyoko Tanga kwa picha nne na maelezo ya mistari sita. Waswahili wanao msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapa gunia limefungwa kabisa, na mnunuzi hupata habari za mbuzi kwa kusoma maandishi yaliyobandikwa juu yake. Maneno, basi, ndiyo yanayofanya kazi ya mkono wa fundi.

Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Mnunuzi asiyeweza kulitambua gari zima na gari bovu hukubali kutoa bei ya kati. Mwenye gari zima huona bei hiyo haimfai, akaliondoa sokoni. Yaliyobaki huwa mabovu zaidi, bei hushuka tena, na soko laweza kufa kabisa ijapokuwa wauzaji waaminifu na wanunuzi wenye fedha wapo. Akerlof aliyaita magari mabovu kwa neno la mtaani la Kimarekani ambalo asili yake ni jina la limau. Mfasiri atakayeandika “soko la malimau” atakuwa amelifasiri tunda na kuiacha maana. Linalotuhusu sisi ni kwamba kinachoweza kuliokoa soko la namna hiyo ni maneno yanayotenga kizima na kibovu kwa namna ambayo muuzaji hawezi kuikwepa baadaye.

Wala kukwepa si rahisi kama wauzaji wengi wanavyodhani. Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya zimefuata mkondo wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na moja ya kanuni zake ni kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo hakina budi kulingana na maelezo hayo. Maneno ya tangazo, kwa hiyo, ni sehemu ya mkataba. Tena, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Siku ugomvi utakapofika mbele ya hakimu, hapatakuwa na matini ya Kiingereza ya kukimbilia. Litasomwa neno la Kiswahili lililoandikwa kwenye kioo cha simu, nalo litapewa maana yake ya Kiswahili.

Tuanze na kosa lililo kubwa kuliko yote. Mahali ambapo muuzaji hutakiwa kueleza mashine yake ikoje, rasimu imeweka neno “Sharti”. Matokeo yake ni tangazo lisemalo: “Sharti: Nzuri.” Chanzo chake ni dhahiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili, hali ya kitu na sharti la mkataba, na mfasiri ameshika lile la pili. Lingekuwa kosa la kuchekesha kama si kwamba katika sheria ya mauzo neno sharti lina uzito wake maalumu. Sharti likivunjwa, mnunuzi ana haki ya kuukataa mkataba wote na kurudisha bidhaa. Dhamana ikivunjwa, haki yake ni kudai fidia tu. Muuzaji wa tanuri aliyejaza “Sharti: Nzuri” hakukusudia kuahidi kitu kikubwa kiasi hicho, na mnunuzi hakujua kwamba ameahidiwa. Neno “Hali” lipo, kila mtoto wa shule analijua, na halina ugomvi na mtu.

Hata hivyo, kulibadili neno hilo hakumalizi taabu, kwa maana ngazi za hali zilizofuata ni tano: mpya, kama mpya, nzuri sana, nzuri, na ya wastani. Hizi ni alama za mtihani. Hazimwambii mnunuzi lolote ambalo anaweza kumshika nalo muuzaji. Nzuri kwa nani, na kwa kazi gani? Mashine ya kusaga iliyo “nzuri sana” kwa mwenye nyumba anayesaga debe mbili kwa wiki ni balaa kwa mwenye kinu cha kibiashara.

Kiswahili cha mafundi kina ngazi zake, nazo zimepimwa kwa matumizi ya miaka mingi. Kitu kuukuu ni kitu cha zamani, lakini huenda kikafanya kazi vizuri sana. Kitu chakavu kimeliwa na matumizi. Kitu kibovu hakifanyi kazi. Kitu kizima hufanya kazi yake yote bila kupungukiwa; ndiyo maana tunasema redio nzima na taa nzima. Tazama jinsi lugha ilivyotenganisha umri, uchakavu na uwezo wa kufanya kazi, mambo matatu ambayo ngazi ya “kama mpya” imeyapika katika chungu kimoja. Twapendekeza ngazi zijibu swali moja tu, kama kifaa kinafanya kazi au hakifanyi, na ziwe nne: kifaa kizima; kifaa kizima chenye kasoro, kasoro hizo zikatajwa; kifaa kibovu cha kutengenezwa; na kifaa cha kutolewa vipuri. Umri uelezwe kwa mwaka wa kutengenezwa. Uchakavu uelezwe kwa kipimo cha kazi, maana mitambo mingi huhesabu kazi yake yenyewe: jenereta na matingatinga huhesabu saa, mashine za kunakili huhesabu kurasa. Jenereta ya mwaka 2015 iliyokaa hotelini ikingojea umeme ukatike yaweza kuwa na saa chache kuliko ile ya mwaka 2022 iliyokuwa katika machimbo yasiyo na umeme wa gridi. Hapo kivumishi hakina kazi, tarakimu zitasema.

Watumishi wa forodha watatuunga mkono katika jambo hili kwa sababu yao wenyewe. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unasimamia usafirishaji wa taka za hatari kutoka nchi moja hadi nyingine, na marekebisho yake yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yameziingiza taka zote za umeme na za kielektroniki, ziwe za hatari au zisiwe, katika utaratibu wa kutoa taarifa na kupata idhini kabla ya kuzisafirisha. Mashine ya hospitali inayotoka Mombasa kwenda Kampala ikiwa nzima ni bidhaa. Ikiwa ni ya kutolewa vipuri, yamkini ikahesabiwa kuwa taka, na mwenye mzigo akadaiwa hati asizokuwa nazo. “Hali ya wastani” haimsaidii ofisa aliyepo mpakani kuamua ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa mitambo iliyofunguliwa na kurudishiwa nguvu, rasimu imechagua “iliyoboreshwa”. Hatukubaliani. Kuboresha ni kukifanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa, ilhali mtambo huu umejaribiwa kurudishwa karibu na ulivyotoka kiwandani, wala si kupita hapo. Neno karabati lingefaa, na mafundi wanalikubali, ila limechoshwa kidogo na matumizi ya ujenzi: mzazi aliyewahi kuambiwa kwamba shule imekarabatiwa, akaenda akakuta chokaa mpya juu ya ufa wa zamani, analijua neno hilo kwa shaka. Kwa sababu hiyo twashauri litenganishwe na majirani zake. Kifaa kilichosafishwa kimesafishwa na pengine kupakwa rangi. Kilichotengenezwa kilikuwa na ubovu fulani nao umeondolewa. Kilichokarabatiwa kimefunguliwa, sehemu zilizokwisha zikabadilishwa. Kilichoundwa upya kimerudi kiwandani na kutoka na namba mpya. Na mbuni wa soko asimruhusu muuzaji kulitumia neno la tatu mpaka ajaze nafasi tatu zinazofuata: ni sehemu gani zilizobadilishwa, lini, na nani aliyeifanya kazi. Hapo istilahi na muundo wa fomu vinasaidiana. Neno likiachwa peke yake litaishia kwenye chokaa.

Juu ya neno mtumba tutasema machache. Waandishi wa rasimu wameliogopa, wakaliona la uchochoroni, wakaweka “mkono wa pili”. Lakini mkono wa pili ni hesabu ya mikono, na mtambo wa kupiga chapa unaouzwa leo huenda uko katika mkono wa nne. Mtumba, kwa upande wake, hapo zamani ulikuwa mzigo uliofungwa, robota la nguo; ukaja kuzipa jina nguo zenyewe, kisha magari. Bado linabeba harufu ya kitu kilichotoka ng’ambo, kwa hiyo mashine ambayo mchapaji wa Morogoro anamwuzia mchapaji wa Iringa haiingii vizuri ndani yake. “Kilichotumika” latosha katika mkataba. Mtumba liachwe katika kisanduku cha kutafutia, kwa sababu watu wataliandika tupende tusipende.

Tuje kwenye fedha, ambako rasimu imeteleza vibaya zaidi na ambako hasara itamwangukia mtu. Neno dhamana limetumika humo mara tatu kwa maana tatu: ahadi ya muuzaji kwamba mashine haitaharibika kwa muda fulani, fedha ambazo soko hulishikia pande zote mbili mpaka mnunuzi athibitishe kwamba mzigo umefika, na fedha ambazo mnunuzi hutoa mapema ili mashine isiuzwe kwa mwingine. Neno lenyewe tayari lina mizigo mingine. Mahakamani hutolewa dhamana ili mshtakiwa akae nje; benki hudai dhamana kabla ya kutoa mkopo; Serikali huuza dhamana zake. Kulitwika na hizi tatu ni kulivunja mgongo.

Tuchukue mfano. Jenereta inauzwa shilingi 18,000,000, na tangazo linasema mnunuzi atatoa “dhamana ya asilimia 10”. Mnunuzi anatuma shilingi 1,800,000 akiamini kwamba zimeshikwa na atarudishiwa endapo hataridhika. Muuzaji anazipokea akiamini kwamba ni malipo ya kumfunga mnunuzi, na kwamba akirudi nyuma zimepotea. Kila mmoja ana haki kwa kadiri ya neno alilosoma. Hakuna aliyedanganya. Aliyewagombanisha ni mfasiri.

Wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuzitenganisha fedha hizi zamani sana. Zilizowekwa kwa mtu mwaminifu ili azitunze bila kuzigusa ni amana. Zilizotolewa mapema ili kufunga mauzo, ambazo mnunuzi akibadili nia hupoteza, ni arubuni. (Msomaji asilichanganye na kitenzi rubuni, ingawa wapo waliotoa arubuni wakarubuniwa.) Tunajua kwamba mabenki yametwaa neno amana kwa akiba za wateja, nazo fedha hizo benki huzifanyia biashara, kwa hiyo tungesema “amana ya mauzo” ili kuweka mpaka. Fedha anazotakiwa kuweka mtu anayetaka kushiriki mnada, ambazo akishindwa hurudishiwa, ziitwe “amana ya mnada”. Dhamana ibaki kwa ahadi ya muuzaji juu ya kifaa, nayo itajwe pamoja na muda wake na mambo inayoyagusa. Wako wanaopenda kusema “waranti”. Katika ofisi za umma waranti ni karatasi ya safari ya mtumishi, na kwa polisi ni hati ya kumkamata mtu. Hatuoni faida ya kuliongezea neno hilo kazi ya tatu.

Habari za mnada zinahitaji sura yake. Kila bei inayotajwa na mshiriki imeitwa “zabuni”. Watumishi wa Serikali wanajua zabuni ni nini: hutolewa kwa siri, hufunguliwa siku iliyopangwa, hutathminiwa, na aliye na bei inayopendeza aweza kushindwa kwa sababu nyingine. Mnada ni kinyume chake. Bei hutajwa wazi, mtu huweza kuongeza mara kumi, na wa juu hushinda papo hapo. Akizoea mtu wa ofisi kwamba zabuni hutolewa mara moja, atataja bei yake na kwenda kulala, naye ataamka amepitwa. Neno la mnadani ni dau. Wapo watakaolalamika kwamba lanuka kamari. Ni kweli, linatoka karibu na huko. Lakini kupanda dau kunaeleweka na kila mtu, na hatujaona neno jingine lililo fupi na lenye picha hiyo ya bei inayopanda.

Kiwango ambacho muuzaji hatakubali kushuka chini yake kimeitwa “bei ya akiba”. Hili ni tafsiri ya neno kwa neno, na Mswahili akilisikia ataelewa kwamba kuna punguzo limewekwa pembeni. “Bei ya mwisho” ya madukani ingekaribia, ila katika mnada bei ya mwisho ni ile iliyoshinda. Wafanyakazi wanalijua fungu la maneno “kima cha chini” kutokana na mishahara, na maana yake ni hiyo hiyo. Kuna minada isiyo na kima cha chini kabisa. Kampuni ya Ritchie Bros. ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1958, ilijipatia sifa kwa kuuza mitambo mizito kwa njia hiyo, ambapo mtu wa juu huondoka na tingatinga hata kama bei imemliza mwenyewe. Ni sharti mshiriki ajue kabla ya kuanza kama kima kipo au hakipo. Nao mzigo mmoja unaouzwa kwa pamoja, kwa mfano viti sita vya saluni na vikaushio vyake, umeitwa “kura”. “Kura namba 14” inatupeleka kwenye uchaguzi. Wauza nyanya wanasema fungu, nasi hatuna la kuongeza.

Kubwa kuliko hayo, katika mnada, ni saa. Rasimu imeacha mtambo wa kompyuta uandike “Mnada utafungwa saa 3:00” kwa kufuata saa ya Kiingereza, na maana iliyokusudiwa ni saa tisa alasiri. Msomaji wa Kiswahili atangoja mpaka saa tatu usiku. Atakuwa amechelewa kwa saa sita, na mashine imekwenda. Twashauri iandikwe sehemu ya siku daima, na pembeni yake tarakimu za saa ishirini na nne: saa 9:00 alasiri, 15:00. Tena pasiandikwe “usiku wa Ijumaa”, kwa kuwa wazee wa pwani wanauhesabu usiku huo kuwa ni wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Tarehe inatosha.

Sasa kuhusu majina ya vitu vyenyewe. Soko zima limepewa jina la “Vifaa vya Kitaaluma”, na mwalimu yeyote atakayelisoma atatarajia chaki na vitabu. “Mitambo na Zana za Kazi” lingeeleweka. Ndani ya mafungu, mashine ya kukereza imeitwa “mashine ya mzunguko”, jina linaloweza kuwa la feni, la kinu au la baiskeli. Maseremala wa pwani walikuwa na kerezo na keekee, wahunzi walikuwa na fuawe na jiliwa, kabla ya kompyuta kuwako. Hatusemi kwamba kijana wa karakana leo ataandika keekee akitafuta drili. Hataandika. Ataandika drili, ataandika spea badala ya vipuri, na huenda akaandika kwa tahajia tatu tofauti. Hapa ndipo mbuni wa soko na mtunga istilahi wanapokuwa mtu mmoja: istilahi sanifu iwe kichwa cha fungu, na nyuma yake yafungwe majina yote ya mtaani, ya Tanzania, ya Kenya na ya kwingineko, ili kila moja lifungue mlango uleule. Soko linalojua neno sanifu peke yake humficha muuzaji asionekane na mnunuzi wake.

Waandishi wa programu hupenda sentensi zenye pengo moja ambalo jina lolote huingizwa. Kwa Kiingereza hilo huwezekana. Kwa Kiswahili limetuletea “Kitanda cha upasuaji imetumika”, “Trekta imetumika” na “Mtambo imetumika” katika ukurasa mmoja, jambo litakalowakera walimu wa lugha, na kwa haki. Dawa yake si kuandika kanuni za ngeli kwa kila jina. Weka jina moja la jumla, kifaa, liongoze fomu nzima: “Kifaa hiki ni kizima”, “Kifaa hiki kilitengenezwa mwaka 2018”. Upatanisho utakaa sawa hata kama muuzaji ataingiza trekta. Na kuna faida ya pembeni: “kizima” halitachanganywa na “imezima”, ambayo ni mashine iliyokufa moto.

Jina ambalo mwenye soko amejipa ni “jukwaa”. Twalitilia shaka neno hili kuliko yote, ijapokuwa si kosa la lugha. Jukwaa ni mahali pa kusimama. Halina mkono wala mfuko. Lakini mwenye soko huchukua asilimia fulani ya kila mauzo, huamua tangazo lipi liwe juu, na hushika amana. Mtu wa kazi hiyo kwa Kiswahili ni dalali. Kila mtu anajua dalali hulipwa, na anajua kumwuliza analipwa na nani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 imeipa miamala ya aina hii uhalali wake. Hatuoni sababu ya lugha kumpa dalali vazi la kumfanya asionekane. Kama neno dalali limechafuka, na lisafishwe kwa matendo. “Soko” pia lingefaa, kwa kuwa soko lina msimamizi na ushuru.

Imebaki istilahi moja ambayo hatukukubaliana na waandishi wa rasimu hata baada ya kuandikiana. Ni ile ya muuzaji anayeuza kifaa pasipo ahadi yoyote. Wao wameandika “kama ilivyo”. Risiti za madukani huandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, lakini hiyo inazungumzia kurudisha tu. Haisemi kwamba mnunuzi aliambiwa ubovu. Kitu cha kwanza kuuzwa mwaka 1995 katika soko la Pierre Omidyar, ambalo baadaye liliitwa eBay, kilikuwa kitochi cha mwanga wa leza, tena kibovu, kwa dola 14.83, Omidyar alimwuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba kitu hicho hakifanyi kazi, akajibiwa kwamba yeye hukusanya vibovu vya aina hiyo. Mauzo yale yalikuwa safi kwa sababu ubovu ulitajwa. “Kama ilivyo” haiutaji. Inauficha ndani ya ulivyo. Sisi twapendekeza “kinauzwa na kasoro zake”, kisha muuzaji azitaje anazozijua. Wametujibu kwamba maneno hayo ni marefu mno kwa kitufe cha simu. Tumehesabu: yana herufi na nafasi 23, ya kwao yana 11. Twaona kitufe kiongezwe upana.